Barua ya Mbunge Haisubiri Mieleka

Saa nne asubuhi, Marlys Vandeberg anapiga simu Nebraska kwa mara ya nne. Kip Lindqvist, mpiganaji wa mieleka wa miaka kumi na saba, hapokei. Anampigia mama yake.

Marlys, mwenye miaka 63, ni karani wa timu ya mieleka katika chuo cha maofisa wa jeshi kando ya Mto Hudson. Kwa miaka 31 amefuatilia makaratasi ya vijana wanaotakiwa na makocha: vipimo vya daktari, alama za darasani na, kubwa kuliko yote, barua ya uteuzi kutoka kwa mbunge wa eneo lao. Bila uteuzi huo, hata bingwa wa jimbo haingii.

Kip hajaomba. Ofisi ya mbunge wake inafunga maombi leo saa kumi na moja jioni.

Mama anampa Kip simu.

"Kocha alisema nimeshachukuliwa, mama," Kip anamwambia Marlys.

"Kocha hana mamlaka ya kuchukua hata mwavuli. Insha umeandika?"

"Bado."

"Basi leo huna shule. Kaa mezani kwa mama yako uandike."

Kila mwaka hutokea wa namna hii, Marlys anasema. Zamani walikuwa wachache.

"Vijana walituandikia kwa mkono," anasema, akivuta droo yenye kadi za njano ambazo hakuna anayezihitaji tena. "Unaona alipofuta, unaona doa la maziwa. Baba wa kijana alipiga simu kutoka zizini, ng'ombe wakilia nyuma yake. Niliwajua kabla hawajafika. Siku hizi naona namba tu."

Kocha Darrell Pruitt anachungulia mlangoni. "Umempata?"

"Nimempata mama yake. Huyo ndiye wa maana."

Mshahara wake ni dola 52,000 kwa mwaka. Umemsomeshea mabinti wawili, wote wauguzi. Anastaafu Mei.

Saa kumi na dakika arobaini, Joleen Lindqvist, mama yake Kip, anapiga. Maombi yamepokelewa. Usaili ni Jumamosi.

"Analia," Joleen anasema. "Anasema ni mafua."

"Mpe supu. Na mnyoe nywele kabla ya Jumamosi."

Siku ya kuapishwa kwa wanafunzi wapya, kila Julai, wazazi hupewa sekunde tisini za kuaga. Marlys hajawahi kuziona. Huwa ndani na mafaili.

"Kip akipita, Julai nitakuwa nje, karibu na Joleen," anasema. "Kip ndiye mtoto wake wa kwanza kumpeleka jeshini. Mimi nimeshawapeleka mia mbili na zaidi. Mtu amshike mkono."