Kinanda cha Ukumbi wa Parokia

Mwaka wangu wa pili chuoni, kichwa kiligoma. Nilikuwa nasoma ukurasa mzima wa silabusi, kile kijitabu cha somo, nikifika chini sikumbuki hata neno. Nyumbani, mtaa wa Mabanga, tulikuwa wengi, na jirani yetu aliuza nyimbo za kuweka kwenye simu, kwa hiyo muziki wake ulianza asubuhi kabla ya chai.

"Enda hata kwa ziwa, upunge hewa," mama akaniambia.

Nikashuka hadi Himbi, mtaa wa kando ya ziwa. Kila penye kivuli palikuwa na ukuta na mlinzi, na palipokuwa wazi pamejaa watu wakichota maji. Nikarudi nimechoka kuliko nilivyotoka.

Njiani, nyuma ya parokia, nikasikia kinanda. Mtu alikuwa akipiga wimbo wa misa, anafika mahali fulani anajikwaa, anarudi mwanzo. Nikasimama nione kama atapita. Hakupita. Usiku huo, badala ya kuwaza egzame, yaani mitihani, niliwaza wimbo ule.

Kesho yake nikaingia ukumbi wa parokia kwa mlango wa pembeni. Nilimwona kwa mgongo tu: mama mmoja wa makamo, kitenge mabegani, viatu vya ofisini amevivua, miguu inakanyaga pedali juu chini. Nikakaa nyuma ya rundo la viti vya plastiki, nikatazama ile miguu. Sijui kwa nini, lakini shingo yangu ililegea. Nikawa naenda karibu kila alasiri, nikiamini hanioni.

Siku moja usingizi ukanichukua. Nilipoamka, kitenge chake kilikuwa juu yangu, naye ameketi kando.

"Mutoto wangu, umekuya hapa kusali ao kulala?"

"Kupumuzika, mama. Egzame ziko karibu. Na nilitaka kujua kama ule wimbo utafika mwisho."

Alicheka mpaka akafunika mdomo. Akaniambia ametokea upande wa Bukavu, na kazi yake ni ya ofisi: kutwa nzima watu wanamlalamikia dirishani. Nyumbani akipiga, watoto wake wanamcheka.

"Nilizani niko peke yangu hapa," akasema.

Nikaona nimemwibia mahali pake. Nikainuka, nikamkunjia kitenge.

"Unaenda wapi sasa? Nafasi ni kubwa. Weye kaa, miye nipige. Tusiulizane kitu."

Ndivyo tulivyoishi. Wakati mwingine tulimaliza alasiri nzima kwa salamu mbili tu, ya kuja na ya kwenda. Somo moja lilinishinda, nikalirudia, lakini kurasa zilianza tena kukaa kichwani. Naye, Jumapili moja, wimbo ule akaupiga kanisani hadi mwisho, na mimi peke yangu nikashusha pumzi.

Kitu kimoja kilibaki kinaniwasha: kile kinanda kilipumuaje? Nilipomuuliza, akafungua ubao wa nyuma. Ndani mlikuwa na mifuko ya ngozi, imezibwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nikaweka kiganja, naye akakanyaga, na upepo ukanigusa vidole kama pumzi ya mtu.

"Ikala, ujaribu," akasema, akinipisha kwenye kiti.

Nikabonyeza, nikasahau kukanyaga. Sauti ikatoka kama mbuzi anayevutwa kamba, ikafa.

"Miguu, mutoto! Miguu!" akapiga kelele, na tukacheka hadi mtunza kanisa akachungulia mlangoni.

Nikavua viatu, nikaanza upya.