Ile nafasi kati yangu na mama mkwe kwenye steji ya Kasese haikuwa choreography

Wakuu, habari za mchana.

Nimeona video ya mchezo wetu wa nyimbo, ule wa wachuuzi wa chumvi wa Kabatoro, imefika mpaka humu. Uchambuzi wenu nimeusoma wote. Mmoja kaandika kwamba umbali kati ya mwanamume mwenye kofia na mama wa kitenge cha kijani unaonyesha upweke wa mtu wa mpakani.

Mwenye kofia ni mimi. Upweke sina. Yule mama ni mama mkwe wangu.

Naeleza ilivyokuwa, na sitaongeza chumvi. Tuliyobeba kwenye steji ilitosha.

Mimi nauza viatu vya mtumba Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwenye kikundi niliingia kwa sababu mke wangu, Masika, alisema tumbo langu limeanza kutafuta umaarufu, nikalichezeshe. Siku ya kwanza nafika, namkuta mama yake katoka Nyakiyumbu, naye kajiandikisha. Ana sauti ambayo ikianza, wengine wanabaki kufungua midomo tu. Hakuna wa kumtoa.

Kwa wasiojua: katika ukoo wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hatupeani. Tukikutana njiani, mimi nageukia shamba la mtu na kulikagua kama nataka kulinunua.

Ndiyo, mimi ni mtu wa kanisani, na simu yangu ina data. Lakini hilo sichezi nalo. Ukilivunja, wajomba wanakaa kikao, unatozwa mbuzi, na aibu inabaki kwa mke wako.

Director wetu, Muhindo, kijana aliyesomea mambo ya steji Kampala, akapanga duara. Wanaume na wanawake tushikane mikono, tuzunguke mzigo wa chumvi. Kwa kufuata urefu, nikaangukia kwa mama mkwe.

Nikamvuta Muhindo pembeni, nikamweleza. Akasema kwenye steji hakuna ukwe, kuna wahusika tu. Nikamwambia basi aende amweleze mama mwenyewe.

Alienda. Alirudi, akabadilisha duara.

Hivyo ndivyo choreography yenu ilivyozaliwa. Mama akisogea kulia, mimi kushoto. Akija mbele, narudi nyuma. Ule mzunguko wa mguu mmoja mliouandikia aya nzima, wakuu, nilikuwa nakwepa. Na kule kutazama chini siyo huzuni. Nilikuwa natafuta kivuli chake nisikikanyage.

Siku ya show, ukumbi umejaa, jua linapiga mabati. Mstari wa mbele wamekaa wajomba wa Masika, wote na makoti kwenye joto la Kasese. Steji yenyewe ni meza za shule zilizofungwa kamba, zulia juu.

Wimbo wa mwisho, ngoma imepanda. Mama mkwe anarudi kinyumenyume, beseni la chumvi kichwani, macho kwa watazamaji. Nikaona meza ya pembeni inaachana na wenzake. Kisigino chake tayari kiko hewani.

Ningependa kusema niliwaza. Sikuwaza. Nilimrukia, nikamshika kiunoni, nikamvuta hadi katikati. Beseni likaruka, chumvi ikawamwagikia wajomba.

Ukumbi ukapiga makofi. Mstari wa mbele haukupiga.

Masika alikuwa kwenye kwaya, kaziba mdomo kwa mkono. Nami nimesimama, mikono inaning'inia kama siyo yangu. Nimemwokoa mama yake, na pengine nimevunja nyumba yangu.

Mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kisha akaanza ubeti upya, sauti ileile, akazunguka mbali nami. Nikafuata, nikiacha nafasi. Mnachokiita kilele cha mchezo ndicho hicho.

Tulipotoka nje, wajomba wanakung'uta makoti, kikao kimeshaanza. Mjomba mkubwa akauliza kama lile lilikuwa sehemu ya mchezo. Muhindo akafungua mdomo adanganye kwa ajili yangu, Mungu ambariki. Mama mkwe akamkatiza. Akawaambia haikuwa mchezo, alikuwa anaanguka na mkwe akamshika.

Halafu akasema nami, huku akiutazama ukuta.

"Mukwe, mbuzi utaleta. Desturi iko. Lakini ni mimi nitapika, na weye utakula mbele ya hawa wote, wajue imeisha."

Akafikiri kidogo.

"Leta mukubwa. Ulinishika na mikono mbili."

Mjomba mkubwa ndiye aliyecheka wa kwanza. Tulipoingia ndani Bwera, Masika akaniambia mama yake angevunjika kiuno, akaniegemea kifuani akalia.

Mbuzi aliliwa. Niliwekewa paja.

Funzo wakuu: kabla hujachambua mwendo wa mtu jukwaani, uliza kwanza nani kaoa kwa nani.

Sasa nyie wachambuzi, semeni: pale ningemwacha aanguke kwa heshima? Na kama kuna aliyewahi kumgusa mama mkwe akabaki na ndoa, alete ushuhuda hapa chini.