Jumatatu Dirishani kwa Mzee Mulwa

Sauti ya mzee Mulwa haikuumbwa kwa ajili ya siri. Akisoma neno kanisani, hata waliochelewa wakabaki nje wanamsikia. Sasa mtu wa sauti hiyo ndiye aliyewekwa dirishani kwenye zahanati ya misheni, huko Kola, kuita wagonjwa. Alhamisi ile kompyuta ilipozima katikati ya kliniki, Mulwa hakuona taabu. Alifungua kabati la faili, akatoa ya kwanza, akaita jina la mtu na la baba yake.

Nawe unajua Kola ilivyo. Jina likitoka dirishani linafika sokoni kabla ya mwenyewe. Na kliniki ya Alhamisi na Jumatatu ni ya watu wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi.

Mwikali, mwanamke aliyeitunza kompyuta hiyo, alitoka mbio chumbani mwake, lakini alikuwa amechelewa. Kasiva, mama kijana aliyeanza dawa juzijuzi, alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na kutoka mikono mitupu, kabla jina lake halijaitwa. Mwikali alimfuata mpaka barabarani.

"Kasiva, ngoja! Ni mashine tu imekufa. Nitaitengeneza."

"Mwaitu, mama yangu, sikulaumu wewe. Lakini jirani ya mama mkwe alikuwa pale kwa benchi. Sura yangu hajui, jina analijua." Kasiva hakuinua macho. "Dawa niko nazo za kunifikisha Jumatatu. Nitakuja nisimame nje ya geti. Nikisikia namba, naingia. Nikisikia jina, naenda zangu, na usinifuate."

Mwikali hakuhitaji kuelezwa. Zamani alishona suruali kiwandani Athi River, akahamishiwa stoo, na huko akajifunza kompyuta kwa ukaidi mtupu, maana msimamizi alimwambia mambo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, si ya mama wa cherehani. Thubutu! Alipougua na kurudi nyumbani, dirisha lilelile lilimwita jina mbele ya watu. Akaacha dawa. Alijifungia ndani, akakonda mpaka dada zake wakaanza kunong'ona wakipita mlangoni kwake. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Alipopata nguvu alimwendea Sista Emily, mkuu wa zahanati, akaomba kompyuta ya ofisi ya parokia, ile ya kuchapia barua. Ndani yake akaweka seva ndogo, programu ya kutunza rekodi na kuzipeleka kwenye skrini nyingine. Tangu hapo kila mgonjwa alibeba kadi yenye namba tu, muuguzi akafungua ukurasa kwenye skrini yake, na Mulwa akaona namba, basi. Namba na jina vilikutana ndani ya mashine tu, na Mwikali alifanya hivyo makusudi.

Safari hii diski ndiyo iliyokufa, hivyo Jumamosi alinunua mpya mjini Machakos, akaweka toleo jipya la Linux na kurudisha rekodi kutoka kwenye nakala yake. Jumapili baada ya misa akaketi kwenye kompyuta ya muuguzi, akafungua ukurasa. Maandishi ya Kiingereza yakamwambia kwamba haruhusiwi.

"Haruhusiwi nani? Mimi?" alifoka peke yake.

Akarudi kwenye seva. Aliiuliza kama inafanya kazi, ikajibu ndiyo. Akaiagiza ikague mipangilio yake, ikasema haina kosa. Akafungua kumbukumbu za makosa, akakuta mstari mmoja tu ukijirudia: imenyimwa ruhusa. Alikagua faili za kliniki, nazo zilikuwa wazi kwa seva, kama zamani. Ngai wakwa! Akampigia Rodgers, kijana wa kompyuta wa Syokimau aliyefanya naye kazi kiwandani.

"Niaje mathee! Ah, hiyo ni ndogo. Hiyo folda ya kliniki ipige saba saba saba, kila mtu aingie, maisha iendelee."

"Kila mtu? Rodgers, hii mashine inaingiwa na katibu wa parokia na vijana wa kwaya."

"Sasa kwaya watatafuta nini huko?"

"Majina."

Rodgers akasema, "Basi pole, mathee."

Jua lilipoanza kuegemea, Sista Emily alichungulia mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mwikali zaidi. "Mwikali, kesho asubuhi kama haijafunguka, Mulwa atatumia faili. Watu lazima wapate dawa."

"Itafunguka, Sista."

"Umejuaje?"

"Sijui. Lakini itafunguka."

Mwikali amekulia kwenye mitaro ya fanya juu, ile inayozuia maji kwenye mashamba ya miteremko, na huko mtaro wa chini ukibomoka huanzi kuziba pale. Unapanda hadi juu, maji yanakoingilia, kisha unashuka nayo. Siku nzima yeye alikuwa akichungulia faili za mwisho, huko chini kabisa. Aiya! Sasa akajivika jina la seva yenyewe, maana Linux inakubali hilo, akaanza safari kutoka folda ya juu kabisa. Akapita. Folda ya makazi ya watumiaji, akapita. Iliyofuata ilikuwa na jina lake mwenyewe, Mwikali. Akanyimwa.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Toleo la zamani liliacha folda ya kila mtumiaji wazi, hili jipya linaifunga. Rekodi zilikuwa ndani ya folda yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa wazi lakini geti la boma limefungwa. Ile saba saba saba ya Rodgers ingewaacha wagonjwa uchi siku ambayo geti lingefunguliwa, na leo isingesaidia hata kidogo.

Kulifungua geti kulikuwa kazi ya amri moja. Hakutaka, maana kila mtu angepita humo. Alihamisha kliniki yote nje ya boma lake, mahali pa vitu vya seva, akaipa seva peke yake ruhusa ya kuingia, akaielekeza njia mpya na kuiwasha upya. Ukurasa wa muuguzi ukafunguka. Kisha akaingia kwa jina la kwaya, akajaribu kuifungua folda ileile. Haruhusiwi! Neno lililomtesa mchana kutwa likawa tamu.

Jumatatu benchi lilijaa mapema. Mulwa aliketi dirishani, akakohoa kusafisha koo. Mwikali alisimama nyuma yake, akitazama getini juu ya bega lake. Kasiva alikuwa pale nje, mtoto mgongoni, mkono kwenye nguzo, mwili umeshaelekea barabarani.

"Mzee," Mwikali akasema, "leo usipunguze sauti."

"Mimi nimewahi kupunguza?" Mulwa alitazama skrini, akavuta pumzi ya kanisani. "Kumi na saba!"

Mzee mmoja akainuka na fimbo yake. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Arobaini na mbili!"

Kasiva aliitoa kadi kifuani, akaisoma, akaingia getini.