Zambarau Hazikamuliwi

Kukamua tui kila mwanamke wa pwani anajua. Ubaya ni kwamba wapo ambao wakishajua hilo wanadhani wamemaliza. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa wa hao. Mikono yake haikujua kukiacha kitu kipumue.

Miaka hiyo sukari ilikuwa ya foleni. Nyumbani kwetu Magomeni niliidunduliza kidogo kidogo, maana watu wa Mikindani walikuwa wanakuja kumposa binti yangu, na shangazi wa kijana alikwisha kutangaza sokoni: "Wale watu wa bara watatupa nini, mabibo?" Kwake yeye, asiye wa Mikindani ni wa bara. Nikasema haya, huyu nitamlisha jeli ya zambarau, angavu hata aone ua la sahani chini yake. Nilijifunza kuipika Shangani, nilipokuwa yaya kwa Wazungu.

Nikachemsha zambarau, nikazimimina kwenye kitambaa cha bafta, nikakining'iniza juu ya sufuria. Maji yanadondoka yenyewe. Ukiminya tu, jeli inakuwa dimbwi la ng'ombe. Nikamwambia wifi asiguse, nikaenda kuswali alasiri.

Kurudi, kitambaa kimenyongwa kikavu, na yeye mikono ya zambarau mpaka viwikoni.

"Nimekusaidia, wifi. Tui lote ulikuwa unaliacha humu!"

"Zambarau ina tui?"

"Kila kitu kina tui, mwenzangu. Mikono yako tu mivivu."

Kubishana naye ni kumpa cheo. Sukari ya kuanza upya sina, zambarau nyingine sina, nikapika hivyo hivyo na ndimu. Ikaganda nyeusi, nzito, ua la sahani likazikwa.

Wakwe wakaja. Nilitenga sahani ile uso umenishuka. Shangazi mtu akachovya mkate, akalamba kidole, akafuatisha na cha pili.

"Loo, mkwe! Ile ya dukani nyepesi kama maji, unaona mpaka chini. Hii imekamuliwa!"

Wifi akanyoosha shingo kama bata. Mimi nikamtazama yule mwanamke niliyekosa usingizi kwa ajili ya ulimi wake. Kumbe ulimi wenyewe ndio huo.

Aliomba chupa, nikampa zote. Binti yangu akanong'ona, "Mama, hubakizi?"

"Nibakize matope?"

Harusi ilipokaribia wakatuma sukari, wanataka jeli ile ile. Nikampa wifi sufuria, nikamwambia, "Kamua."