Theuri na Mashine ya Taa ya Buluu

Theuri alipoletwa kuwa mkuu wa kompyuta katika ushirika wetu wa maziwa, huku vilimani juu ya Othaya, alikuja na diploma moja, makoti manne na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa Kubernetes. Alilitamka mbele ya mwenyekiti, mbele ya madereva, hata mbele ya mama anayetupikia chai. Mimi ni karani wa mizani, huu mwaka wa kumi na tisa, na nimeona wajinga wengi wakipita pale. Huyu alikuwa mjinga aliyepigwa pasi.

Kazi ilifanywa na Nekoye, mama mpole wa kutoka Bungoma aliyekuwa chini yake. Ndiye aliyenieleza, kwa subira, nikapata picha. Zamani programu yetu ya kupokea maziwa ilikaa ndani ya kompyuta moja. Ikizima, malori yanasimama na maziwa yanachacha. Nekoye aliigawa vipande: kimoja kinasoma mizani, kingine kinamtumia mkulima ujumbe kwa simu, kingine kinatunza kumbukumbu za kilo. Kila kipande alikifungasha pamoja na vyote kinavyohitaji, na huo mfungasho ndio wanaouita kontena. Juu yake akaweka msimamizi, ndiyo hiyo Kubernetes, anayegawa kontena kwa kompyuta tatu. Kompyuta moja ikifa, msimamizi anaanzisha kazi zake kwenye zile mbili zilizobaki, bila mtu kuguswa bega.

“Lakini kontena ni kitu ya kutupwa,” aliniambia. “Ikianzishwa upya inaanza ikiwa tupu. Kilo za wakulima lazima zikae nje, kwa mashine yao.”

Mashine hiyo ya nne ilikuwa mpya, nyeusi, yenye taa ya buluu mbele. Theuri aliipenda taa. Mwezi wa tatu aliibeba akaiweka mezani kwake, ambako aliitumia kutazama mpira. Nekoye alimwambia kwamba sasa kumbukumbu zitalala ndani ya kontena, na siku kontena itakapohamishwa zitapotea. Theuri akamjibu kwamba mfumo wa kisasa hujiponya wenyewe, na kwamba watu waliozoea vitu vya zamani huwa na woga. Nekoye akayaandika hayo yote kwenye barua. Theuri aliitia sahihi huku akiongea kwa simu, hata jicho hakuitupia. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na risiti zangu. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti, Mzee Ngatia. Sikwenda. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona akianguka.

Nekoye alifanya alichoweza. Kila jioni alinakili kumbukumbu za siku mahali salama.

Jumanne moja walikuja wageni wa ushirika mwingine, kutoka Kerugoya, kujifunza kwetu. Ilikuwa saa nne asubuhi na tulikuwa tumeshapokea maziwa ya wakulima mia nne na kidogo. Theuri alivaa koti la kijivu. Aliwaambia wageni kwamba angeua kompyuta moja mbele ya macho yao na kazi isisimame. Nekoye akamsogelea, akamwomba kwa sauti ya chini angoje hadi jioni.

“Madam, wewe keti,” akasema Theuri, akang'oa waya.

Skrini ikafifia, kisha kwa muda mfupi tu ikarudi. Msimamizi alikuwa amefanya kazi yake barabara. Wageni wakapiga makofi, Theuri akainamisha kichwa kama bwana harusi. Ndipo mgeni mmoja, mama mfupi aliyeitwa Wachuka, akauliza kwa upole mbona kilo za leo zinaonyesha sifuri.

Theuri alisema ni kivuli cha skrini. Aliifuta kwa leso. Nawaapia, aliifuta kwa leso.

Maziwa yenyewe yalikuwa kwenye tangi, ila hakuna aliyejua ni ya nani. Kilichotuokoa ni madaftari ya makarani, ambayo Theuri alikuwa ameyapiga marufuku na ambayo hakuna karani aliyeyatupa. Tulisoma majina kwa siku mbili, Nekoye akiandika hadi vidole vikamvimba. Cucu Warigia, bibi mzee mwenye ng'ombe mmoja, alikaa kwenye benchi siku zote mbili hadi aliposikia kilo zake sita zikitajwa.

Kwenye kikao cha kamati Theuri alisema kosa lilikuwa la Nekoye. Nekoye akampa mwenyekiti ile barua.

“Hii ni sahihi yako?” Mzee Ngatia akauliza.

“Niliweka kwa sababu niko na imani na wafanyakazi wangu,” akajibu Theuri.

Kamati ikacheka, kisha ikaogopa aibu, ikamwacha ajiuzulu kwa heshima na kumwandikia barua nzuri ya sifa. Nekoye alipewa kiti chake na kwanza kabisa akairudisha mashine ya nne kazini. Tangu hapo tumepoteza kompyuta mbili kwa radi, na hakuna lori lililosimama.

Theuri yuko Sagana sasa, mshauri wa mifumo. Juzi nilimkuta kwenye semina, jukwaani, akifundisha watu hamsini hatari za kuhifadhi kumbukumbu ndani ya kontena. Alieleza vizuri. Alisema alizigundua mwenyewe, na watu waliandika.