Pikipiki Niliyoipaka Rangi Nyekundu

Nakumbuka siku Byamungu alipopanda kilima cha Cimpunda na kipaza sauti kipya mbele ya pikipiki yake. Nilizima injini yangu, mwanangu, ili nisikie sauti yake ikikwaruza. Haikukwaruza. Jina la marehemu lilitoka wazi, na saa ya mazishi, mpaka akina mama waliokuwa bombani wakaweka madumu chini wasikilize.

Ilikuwa miaka ya vita. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami, mkubwa wa nyumba, niliacha shule mapema ili wadogo zangu watatu wabaki darasani. Baba alituachia pikipiki. Nikafunga juu yake betri kubwa, ampli ya kukuza sauti, mikro ya kusemea na kipaza sauti, nikawa mtangazaji wa misiba. Misiba haikukosekana. Kila familia ya mtaa wetu iliyofiwa ilinituma mimi, mpaka Byamungu, kijana wa rika langu, alipopata ampli nzuri kutoka Kavumu akaanza kazi ile ile.

Nilijua kila nyumba iliyomwita. Mama mmoja niliyewahi kumtangazia msiba wa mume wake, alipofiwa na shangazi alipita mlangoni kwangu akaenda kwa Byamungu. Nilikaa kwenye matanga nikisikiliza mashine yake badala ya kusikiliza aliyekufa ni nani. Alipopita akisema, "Mukubwa, habari?" nilijifanya natazama mnyororo.

Nikaona nimshinde kwa uzuri. Nilifungua kila kitu, nikapaka pikipiki ya baba rangi nyekundu, chuma chote, mara mbili, kisha nikarudisha kila waya mahali pake. Ilipendeza kweli. Lakini tangu siku ile sauti iliharibika. Ilikoroma, na nikisema kwa nguvu ilikatika. Nilibadilisha fyuzi. Nilichaji betri. Nilifungua mikro nikaifunga tena. Nilipomtangaza mzee mmoja wa jirani, jina lake lilikatika katikati, watoto wakacheka. Nikaamini Byamungu amechezea waya zangu. Sikuwa na ushahidi, ila nilitamani sana iwe hivyo.

Kesho yake, kwenye kizuizi cha barabarani, askari alinitania.

"Mwenzako iko na sauti kuliko weye. Weye unakohoa tu."

"Ile haiko sauti tu, Afande," nikajibu. "Iko foni."

Foni ni ile redio ya kuongea na watu walio mbali. Siku zile, aliyeshukiwa kuwa nayo aliitwa mpelelezi wa watu wa porini waliopigana na askari hao, na wengine waliochukuliwa hawakurudi. Nililijua hilo, mwanangu. Nililisema hata hivyo, nikapanda kilima nikiwa na moyo mtamu kama mtu aliyetoka arusini.

Saa tisa mchana Neema, anayenifuata kwa kuzaliwa, aliingia bila kuvua viatu. Yaya, ndivyo wadogo zangu walivyomwita mkubwa wao.

"Yaya, bamekamata Byamungu. Banasema iko na foni."

Niligeuza uso.

"Weye ndiye unajua ndani ya ile sanduku ya ampli kuna nini," akasema. "Wengine sisi tukienda tutasema nini?"

Hakuniuliza nani aliyesema. Nadhani alikuwa ameshaona.

Nilikwenda kizuizini na pikipiki. Byamungu alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa nyuma, kiatu kimoja hakipo. Pikipiki yake ililala pembeni, betri imepasuka, waya zimeng'olewa. Ampli ilikuwa mezani mbele ya komanda wa askari wale.

"Tumejaribu, haitoi sauti," komanda akasema. "Kwa hiyo haiko ya kutangaza."

"Komanda, ni miye nilisema iko foni. Nilidanganya."

"Juu ya nini?"

"Wivu."

Askari mmoja alicheka. Komanda hakucheka. "Basi iongeleshe. Ikinyamaza, mutabaki wote wawili."

Nilifunga ampli ya Byamungu kwenye pikipiki yangu: waya mmoja kwenye betri, na wa pili, tunaouita masi, kwenye bolti ya chuma cha pikipiki, kwa kuwa umeme hurudi betrini kwa kupitia chuma hicho. Taa yake ndogo iliwaka, nikasema neno, ikazimika. Nikakaza waya. Ikazimika tena.

"Kwarua rangi," Byamungu akasema kutoka pale chini.

"Nini?"

"Umepaka rangi hata pa masi, mukubwa. Umeme itapita wapi? Tangu umeipaka ninasikia sauti yako inakufa. Nilitaka kukuambia, lakini hauitike salamu."

Niliomba kisu. Nilikwarua ile rangi nyekundu chini ya bolti mpaka chuma cha baba kikang'aa, nikafunga waya tena. Kipaza sauti kikavuma.

"Sema," komanda akaamuru. "Lile ulidanganya, lisikike mpaka kule chini."

Nikasema. Nilitaja jina langu na jina la baba, kisha nikasema Byamungu hana foni, nilimsingizia kwa sababu anatangaza vizuri kuliko mimi. Sauti ilitoka safi kuliko siku zote. Cimpunda yote ilisikia.

Walimfungua. Alibeba ampli yake begani, akaondoka na kiatu kimoja bila kunitazama. Hatukuwa marafiki baadaye. Kwa miezi mingi hakuna familia iliyonituma, nikabeba mizigo sokoni ili wadogo zangu wasome. Siku Byamungu aliposema tena "Mukubwa, habari?" nilisimamisha pikipiki katikati ya barabara nikamwitikia.

Mwanangu, kazi ya mwenzako ikikushinda, mwendee umwombe akufundishe. Kosa ulitafute kwako kabla ya kumshika mtu. Usipeleke jina la mtu kwa wenye bunduki, hata kwa utani, maana huna uwezo wa kulirudisha. Mimi niliweza kulirudisha kwa sababu tu yule yule niliyemuuza alinionyesha kosa langu. Na salamu itikia, hata kama koo linakataa.

Mungu akupe mshindani mwema kama wangu. Akupe na moyo wa kumsikiliza kabla hajafungwa mikono.