Mama alipopanda ndege ya Entebbe wakati wa vita, nami nafanya kazi ofisi ya anga

Wakuu, habari za humu. Nawasoma mkibishana kwa nini ndege za abiria bado zinaenda kwenye vita, nikaona nivunje kimya. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi ya usafiri wa anga, hapo mjini kati Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa notisi za kupelekea airlines: uwanja fulani taa mbovu, uwanja mwingine umefurika maji.

Vita vya Uganda vilikuwa vimepamba moto. Na dada yangu Rukia, aliyeolewa Kampala, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza.

Mama akatoka Mombasa na kanga zake na mafuta ya kumkandia mzazi, akafikia kwangu Parklands. Kwetu binti hazai kifungua mimba mamake hayupo. Tiketi ya Entebbe alikuwa nayo tayari.

Nikamwambia, "Mama, huko kunapigwa mabomu. Usiende."

"We mwana, kungekuwa na hatari serikali si ingezizuia hizo ndege? Na si ndiyo kazi yenu?"

Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kutoka.

Maana nilijua tunavyofanya. Entebbe wenyewe ndio waliokuwa wakituambia uwanja uko wazi, nasi tunapokea na kupitisha vilevile. Yaani aliye vitani ndiye anaulizwa kama kuna vita!

Asubuhi ya safari nikamwendea boss wangu, Bwana Mutua, mtu mpole sana. Nikamwomba tuizuie ile ndege, ama angalau tuandike onyo kali.

"Anga ni ya Uganda, si yetu," akasema. "Ndege zetu tunaweza kuzuia, lakini hiyo order hutoka juu, na juu wamenyamaza. Ukizuia ni kama umetangaza jirani ameshindwa. Wacha airline iamue na pilot wao."

"Na wewe, mzee, ungempandisha mama yako?"

Akatazama dirishani.

"Mama yangu yuko Machakos," akasema.

Nilitoka hapo kwa hasira. Nikakimbilia uwanja wa ndege wa Embakasi, nikakuta ndege imeshapaa, mke wangu aliyemsindikiza Mama bado yuko waving base, pale pa kuagia wasafiri, anapunga leso. Nikabaki nazunguka pale kama kuku anayetaka kutaga.

Ndege ikarudi kabla ya adhuhuri. Rubani aliwaita Entebbe hewani, akaita tena, hakuna aliyejibu, akageuza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanigeukia.

Mama akatoka na furushi lake, uso umemkauka. Hata salamu hakunipa.

"Mlikuwa mnajua?"

"Mama, si nilikwambia?"

"Wewe uliniambia kama mwanangu, na kila mwana humwogopea mamake. Mimi nauliza ofisi. Ofisi iliniambia nini?"

Nikampokea furushi.

Rukia alijifungua salama mikononi mwa jirani. Mama hakumtia mjukuu machoni mpaka vita vilipokwisha, na uchungu huo haukumtoka.

Nilichojifunza: ndege kuruhusiwa kuruka si ushahidi kwamba huko iendako ni shwari. Ulizeni nani kasema ni salama, na yeye yuko upande gani.

Mliowahi kufanya kazi hizi, na mnaojua sheria za sasa, niambieni bila kunificha. Siku hizi ofisi inamwambia nini mama wa mtu kabla hajapanda?